Sentro Loki na Blanketi la Mjomba

Nawaona, vijana wangu, mnavyomshughulikia mgonjwa. Kioo cha gari kimegoma kupanda, mteja hata hajamaliza kueleza, nyie mmeshachomeka kile kimashine chenu chini ya usukani, mnakodolea macho namba na kutikisa vichwa. Kisha mnaagiza mota mpya kutoka Dar. Mota inakaa njiani wiki nzima, inafika, inafungwa, na kioo kinagoma vilevile. Nimestaafu, si kazi yangu tena kuwasema. Ila mdomo wangu haujastaafu, na mke wangu anasema afadhali ungetangulia wenyewe.

Mimi ni Fundi Kasimu. Nyumbani ni Ujiji, gereji yangu ilikuwa Gungu, na kazi yangu ilikuwa umeme wa magari. Nimefanya taa, honi, starta na chaji, lakini watu walinijulia milango: vioo vya kupanda kwa swichi, ambavyo wote tunaviita pawa windo, na vile vitasa vinavyojifunga vyote kwa mpigo, sentro loki. Ukisikia mtu wa Kigoma anasema "mpelekee yule mzee wa milango," ujue ni mimi. Nilikuwa na sifa, na sifa zenyewe nilizipenda mno. Mtaona zilinifikisha wapi.

Aliyenifundisha ni Fundi Ramazani. Alivuka ziwa kutoka Kongo akiwa na bisibisi mbili na taa ndogo ya kupimia aliyoiunganisha mwenyewe kwenye vipande vya waya. Mita hakuwa nayo. Akiletewa mlango mgonjwa alikuwa anabandika sikio lake pale ubavuni, anafumba macho, kisha ananiambia nibonyeze swichi. Mimi nilikuwa na haraka, bisibisi iko mkononi tayari. Ananipiga kofi la mkononi.

"Batu bote banakimbilia kufungua," anasema. "Weye sikia kwanza."

Na kweli mlango unasema. Ukibonyeza ukakuta kimya kabisa, umeme haujafika, kwa hiyo mota haina kosa. Angalia fyuzi, angalia swichi, angalia waya. Ukisikia "tik" halafu basi, umeme umefika lakini kuna kitu kimekwama, ama mota imechoka ama kioo kimebanwa na raba zake. Ukisikia mota inazunguka na kulia vizuri ila kioo kimekaa tu kinakutazama, kebo ya kukivuta imekatika au imechomoka. Na kama una wasiwasi na sikio lako, washa taa ya ndani ya gari. Bonyeza swichi. Taa ikififia kidogo, umeme unafika kwenye mota. Hayo yote hujafungua hata skrubu moja, na wala hujamtia mteja hasara.

Mimi niliyachukulia hayo kuwa mambo ya wazee. Siku moja Ramazani akiwa hayupo, ikaja gari ya mwalimu mmoja wa sekondari. Kioo cha dereva kinafanya kazi, vingine vitatu vimekufa. Nikaona hapa ndipo nitakapopata jina. Nilifungua milango yote mitatu, nikatandaza paneli zake kwenye mkeka, mota zote nikazipima, zote nzima. Nikazirudisha, nikazitoa tena, nikazirudisha. Siku ya pili mwalimu akaja, akakaa kwenye tairi anasahihisha madaftari huku ananiangalia jicho la pembeni.

Ramazani akatokea anatafuna muhindi wa kuchoma. Aliingia upande wa dereva, akanyoosha gunzi, akabonyeza kitufe kimoja kilichopo karibu na swichi za vioo, kisha swichi zenyewe. Vioo vyote vikapanda.

"Hii iko ya kuzuia batoto basichezee," akasema, akatoka, akaendelea na muhindi wake.

Kumbe mtoto wa mwalimu ndiye aliyekibonyeza. Ubaya ni kwamba kwenye kubandua paneli nilikuwa nimevunja klipu zote za plastiki, na klipu hizo Kigoma hazikuwepo. Mwalimu yule aliendesha gari linalogonga milango kwa miaka, na nilikuwa namsikia anakuja kabla sijamwona. Alikuwa muungwana, alinipigia honi kila alipopita. Ningependa zaidi angenitukana.

Jambo jingine, chini ya kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji. Mvua ikiteremka kwenye kioo, inaingia ndani ya mlango na kutokea huko. Mama mmoja wa Kibirizi, mfanyabiashara wa dagaa, aliniletea gari ambalo mlango wake wa nyuma ulikuwa mzito na unapiga kelele ya maji kila akikata kona. Alikuwa anapakia magunia mpaka kwenye viti, na dagaa walikuwa wanadondokea kwenye upenyo wa kioo mmoja mmoja. Nilipofungua nilikuta vitundu vimezibwa kabisa, maji yamejaa, mota inaogelea, na harufu iliyotoka pale iliwafanya mafundi wa jirani wafunge kazi mapema. Mama mwenyewe alisogea, akachungulia, akasema, "Lakini kwa maji yote haya, hawa si wangekuwa wazima?" Tangu siku hiyo nikipokea gari la mtu wa dagaa nilianza na kijiti, nazibua vitundu kwanza, ndipo namsalimia.

Na la mwisho katika ufundi, halafu niwape kisa. Mlango unafunguka na kufungwa kila siku, na waya zote za kioo na kitasa zinapita pale kwenye bawaba, ndani ya bomba la mpira. Pale zinakunjwa na kukunjuliwa mpaka zinakatika. Kitasa kikianza kujifunga chenyewe bila kuguswa, msimtafute mganga. Vuteni ule mpira, mwangalie waya. Kama zimechunika na kugusana, mmempata mchawi.

Nilijua hayo yote. Niliwafundisha watu hayo yote. Sasa sikilizeni.

Raba za vioo zikikauka, kioo kinapanda kwa shida na mota inaumia. Dawa yake ni silikoni ya kupuliza. Wakati huo madukani haikupatikana, ukiagiza inachelewa. Mimi nikawaza: sisi hapa kwetu mawese tunapikia, tunapaka nywele, tunapaka mtoto mwenye kikohozi kifuani. Mama yangu mzazi, Bibi Tabu, ameuza mawese soko la Mwandiga tangu sijazaliwa. Nikachukua kikombe kwake, nikapaka raba za milango yote minne ya gari langu mwenyewe, saluni ndogo nyeupe niliyoipenda kupita kiasi. Nikapaka na vitasa. Nikapaka mpaka vile vinundu vya kuvuta juu ya mlango ili kufungua loki.

Vioo vikawa vinapanda bila sauti. Nilimwita Ramazani, wakati huo ameshazeeka, aje aone. Akanusa mlango.

"Weye Kasimu," akasema, "unatengeneza gari ao unaipika?"

Nilicheka, nikasema wivu. Asubuhi za kiangazi, kukiwa na ubaridi, mawese yaliganda na kioo kilichukua muda mrefu kupanda kuliko mimi kuvaa. Nikasema jua likitoka litayeyusha. Kitu ambacho sikukifikiria ni kwamba panya nao wanakula mawese. Waliingia, wakalamba walichokiona, na walipokosa zaidi wakaanza kutafuna mpira pale kwenye bawaba ya mlango wa dereva, kisha waya. Loki zikaanza kushuka zenyewe mara mojamoja. Nikajisemea nitaangalia nikipata nafasi. Gari la fundi ndilo linalosubiri siku zote, nyie wenyewe mnajua.

Ndipo ikaja harusi ya Zuhura, mtoto wa dada yangu Sofia. Zuhura amekulia mikononi mwangu. Baba yake alifariki akiwa mdogo, mimi ndiye niliyempeleka shule siku ya kwanza na mimi ndiye niliyelia, yeye hakulia. Anaolewa na kijana wa Bangwe, watu wazuri, wavuvi na wafanyabiashara.

Sasa kwetu mjomba ana haki yake katika mahari, na mimi katika mazungumzo nilipangiwa blanketi. Vitu vyote vikaletwa. Blanketi likasahauliwa. Ni kusahau tu, mambo yalikuwa mengi. Lakini mimi nilinuna. Nililisema blanketi hilo gereji, nikalisema msikitini, nikalisema kwa kila mteja aliyeniachia funguo. Mwezi mzima, wote walioingia Gungu walijua kwamba mjomba wa Zuhura hajapewa blanketi. Dada Sofia aliniambia, "Kaka, nyamaza, utatuaibisha." Nikajibu kwamba mlango wa binti bila mjomba haufunguki. Hayo maneno niliyasema kwa mdomo wangu, mbele ya watu.

Siku ya kumpeleka bibi harusi kwa mumewe nikakataa gari la kukodi. Nilisema Zuhura atapanda gari langu na nitaendesha mimi. Nyuma alikaa yeye, na gauni lenye matao ya waya lililojaza kiti chote, na pembeni yake Bibi Tabu, mama yangu, amebanwa kwenye kona. Vioo tulivipandisha kwa sababu ya vumbi. Sofia na wanawake wengine walifuata kwenye gari la nyuma.

Tukafika Bangwe saa saba mchana, jua linachoma. Ngoma, vigelegele, watu wamejaa mpaka juu ya mawe ya ufukweni. Nikazima injini, nikaacha ufunguo mahali pake ili redio iendelee kuimba, nikashuka kwa madaha, nikafunga mlango.

Kla!

Loki zote nne zikashuka kwa pamoja. Nilisikia na moyo wangu ukashuka nazo. Nikavuta mkono wa mlango, haufunguki. Nikamwonyesha Zuhura ashushe kioo. Akabonyeza, kimya. Waya zilizotafunwa zilikuwa zimegusana, na fyuzi ya vioo na loki ikaungua. Fyuzi ya redio ni nyingine, kwa hiyo wimbo ukaendelea vizuri kabisa. Vile vinundu vya nyuma nilikuwa nimevikata mwenyewe hadi usawa wa mlango, wezi wasivinase kwa waya. Hakuna cha kushika, na mkono wa ndani haufungui loki ikiwa imeshuka.

Nikaanza kuzunguka gari, navuta huku, navuta kule. Watu wa Bangwe wakanitazama. Kisha nikamsikia mama mmoja anasema kwa sauti, "Ahaa! Mjomba amefunga mlango!"

Umati wote ukapiga vigelegele. Waliona ni mila. Mjomba anadai chake, na bibi harusi hashuki mpaka aridhike. Wakaongeza ngoma. Mama Idi, mama wa bwana harusi, akaja mbio ameshika kichwa: "Jamani, blanketi! Si tulisahau blanketi la mjomba! Kijana mmoja akimbie dukani!"

"Hapana," nikasema, "siyo blanketi, gari limeharibika."

"Mjomba ana maneno!" wakacheka. "Ongezeni na kitenge!"

Nikapiga kioo cha mbele na kumfanyia mama yangu ishara, vidole viwili vinabana na kuvuta juu, maana yake aende mbele avute kinundu cha dereva. Kile sikukikata. Watu wakaona vidole vile wakasema mjomba anataka kuhesabiwa. Ikaletwa sahani. Ikaletwa kuku, mzima, akawekwa juu ya boneti, akaona joto lake akaruka akapiga kelele.

Mle ndani Zuhura hacheki. Jasho lilikuwa linamshuka na wanja wake, anajipepea kwa shela, halafu akaacha na kujipepea. Aliegemeza kichwa kwenye kioo. Mama yangu ana presha. Nikaokota jiwe. Nilitaka kuvunja kioo cha mbele, gari lile niliyaacha mapenzi yake palepale. Wanawake wawili wakanikamata mkono. "Mjomba, hasira za nini? Blanketi linakuja!"

Na Dada Sofia akafika. Nikasema huyu ananijua, huyu atanielewa. Alinitazama usoni, akaangalia jiwe, akaangalia mtoto wake ndani ya gari.

"Kasimu," akasema, "kwa ajili ya blanketi?"

Hapo blanketi likafika. Zito, la rangi ya damu ya mzee, wakanifunika nalo mabegani katika jua lile na kushangilia. Nilisimama pale najikaanga, na dada yangu wa tumbo moja ananitazama kama mtu asiyenifahamu.

Nilikuwa na njia moja tu, na njia hiyo ilipita juu ya jina langu. Nikapanda kwenye kinu kilichokuwa kimefudikizwa pale, nikapaza sauti mpaka ikakatika.

"Jamani! Sikufunga! Mimi ni fundi wa milango na nimeharibu milango yangu! Nilipaka mawese, panya wakala waya, nikajua loki ni mbovu, sikutengeneza! Mtoto anakufa kwa joto! Zimeni ngoma!"

Ngoma zikazima. Nikateremka, nikabandika uso kwenye kioo cha dereva, na sasa kwa kuwa wote wamenyamaza mama yangu akanisikia. Nikamwambia apite katikati ya viti aje mbele. Mama yangu umri wake ulikuwa umezidi themanini. Alivua viatu kwanza, akanikabidhi kwa ishara kana kwamba ningeweza kuvipokea, akakunja kanga, akapanda. Mguu mmoja ukabaki nyuma hewani muda mrefu. Bangwe nzima ilishusha macho kwa heshima.

Akafika. Akakibana kinundu, vidole vikateleza. Akakibana tena, vikateleza. Mawese! Akanusa vidole vyake, akayatambua mawese yake mwenyewe, akanitazama kupitia kile kioo kwa jicho ambalo sijawahi kutazamwa nalo tangu nilipochoma nyasi za jirani. Kisha akazungushia kinundu pindo la kanga, akavuta.

Kla.

Nikaufungua mlango. Mama alitoka wa kwanza, akajinyoosha, akawageukia wenyeji mia moja waliokuwa wameshika vichwa. "Mwidiwe!" akawasalimia kwa Kiha, kama mtu aliyefika sasa hivi kwa miguu. Kisha akanigeukia. "Kasimu, mwana wanje, mawese ni chakula."

Zuhura tulimtoa kupitia mlango huohuo wa dereva, wanawake wanne wanavuta na wawili wanasukuma, matao ya gauni yamekunjika, na ubavuni mwa gauni kuna mstari mwekundu wa mawese uliokataa kutoka mpaka leo. Akaketishwa kivulini, akapewa maji, akamwagiwa mengine kichwani. Rangi ikamrudia. Mama Idi akaanza kucheka, kidogokidogo, akashindwa kujizuia, na umati wote ukaangua kicheko ambacho nadhani kilisikika ng'ambo ya ziwa.

Mimi sikucheka. Nikalikunja blanketi nikampelekea Mama Idi, akalikataa. "Tulikosea kweli, mjomba. Chukua." Dada Sofia alikuwa amesimama kando. Alisema, "Nisamehe, kaka. Niliamini." Nikamwambia hana kosa. Kilichoniuma ni kwamba hakuna hata mmoja, katika watu wote wale, aliyejiuliza mara mbili. Nilikuwa nimewaeleza mwezi mzima mimi ni mtu wa namna gani, wakanisikia. Vijana, mkiwa kazini mnapoteza wakati kwa manung'uniko mbele ya wateja, hilo mliangalie.

Nikaenda kwa Zuhura, nikachuchumaa mbele yake.

"Mjomba," akasema, sauti bado imekauka, "hata mimi mwanzoni niliamini. Nilikaa mle ndani nasema, mjomba wangu kaniuza kwa blanketi."

Nikainamisha kichwa.

"Halafu ukaweka uso kwenye kioo. Nikamwambia bibi, huyu hakufunga. Mtu anayedai blanketi halii hivyo."

Nilisema naenda kutafuta fyuzi. Nikafungua kile kisanduku chini ya usukani, nikakiinamia, na nikakaa pale muda mrefu kuliko fyuzi yoyote inavyohitaji.